Mwanangu, Alipanda Boti?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Sisi huku hatujambo. Baba yako angali anakohoa, lakini shambani anakwenda. Umeniuliza kama utakuwa umekosea ukiipanga riwaya yako kama tamthilia ya televisheni, sura 12 mfano wa vipindi 12, kila sura ikatishwe penye hatari ili msomaji asiweze kulala. Nimeisoma mara tatu, na kila mara linalonijia ni swali jingine: msomaji huyo atarudi kumtafuta nani?

Umesimuliwa mara nyingi tulivyokuwa tukisikiliza Twende na Wakati, mchezo wa Radio Tanzania ulioanza mwaka 1993, redio ikiwa juu ya kabati la bibi yako nawe ungali mgongoni mwangu. Mkwaju, yule dereva wa lori la masafa marefu, alilaaniwa na nyumba nzima, lakini hakuna aliyethubutu kuizima redio. Kipindi kikiisha, mabishano yalikuwa juu ya Tunu, mkewe: avumilie au aondoke? Shangazi yako aliunguza wali kwa ajili ya Tunu. Mtu hurudi kwa ajili ya mtu. Nimekuambia hivyo tangu ulipokuwa ukiandika insha za darasa la sita, na sitaacha.

Kukatisha kwa tamthilia kuna sababu yake. Katika televisheni ya biashara kipindi husimama kupisha matangazo, kisha mtazamaji hungoja juma zima, hivyo mwandishi hana budi kumwachia kiu ya kumvusha. Msomaji wako hangoji. Anafunua ukurasa, na kiu inakatika kabla hajaisikia. Ukimfanyia hivyo sura zote 12, akifika ya tano atakuwa ameshakujulia. Ninachokipenda mimi katika tamthilia ni kwamba kila kipindi kina mkasa wake unaomalizika mumo humo, huku chini yake ukipita uzi mrefu wa msimu mzima. Hilo lichukue bila haya. Tenga karatasi moja kwa kila sura, uandike mhusika anataka nini inapoanza na amebaki na nini inapokwisha. Ukiona mwanzo na mwisho vimefanana, sura hiyo itoe.

Hata hivyo, moyo wangu wenyewe unanipinga. Unaijua ile bahasha ya kaki iliyo sandukuni mwangu. Ndani yake mna vipande 11 vya hadithi yangu iliyokuwa ikitoka gazetini kila Jumamosi. Katika sehemu ya 11 nilimwacha Mwanaidi amesimama gatini, tiketi ya mumewe imelowa jasho kiganjani mwake, na honi ya boti imeshalia. Chini pamechapwa neno moja: "Itaendelea." Jumamosi iliyofuata mahali pale palikuwa na tangazo la mabati, na hakuna aliyeniita kunieleza sababu, wala siku ile wala baadaye. Neno lile bado siwezi kulitazama kwa muda mrefu.

Baada ya miezi miwili, mama mmoja muuza dagaa alinishika mkono sokoni akaniuliza, "Alipanda?" Sikuwa na haja ya kuuliza nani. Nilimsimulia sehemu ya 12 na ya 13 papo hapo, wateja wake wakingoja, naye akakataa katakata: Mwanaidi hawezi kumsamehe mume yule. Alisema kweli, na furaha ya siku ile sijaipata tena.

Je, alimkumbuka kwa kuwa ni Mwanaidi, au kwa kuwa nilimwacha gatini? Miaka yote hii nasema ni Mwanaidi, maana mtu hurudi kwa ajili ya mtu. Lakini kama sehemu ile ingefungwa vizuri, huenda asingenishika mkono.

Ulitaka niseme ukate au usikate. Ulimi unaniwasha, ila riwaya ni yako, kwa hiyo nanyamaza. Sura ya nne tu ndiyo siwezi kuinyamazia: yule binti uliyemwacha nje ya mlango uliofungwa, mimi bado sijui anamwogopa nani. Iandike upya hiyo kwanza, kisha unitumie.

Mama yako.