Nilifunga turbo kwenye 1NZ ya Runx: pesa ilikoishia na injini ilivyokufa

Mkuu, umeuliza kama milioni moja na nusu inatosha kufunga turbo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi) kwenye Toyota Runx yako yenye injini ya 1NZ-FE, gia za mkono, na kama injini itahimili. Kununua turbo na mabomba, inatosha. Kuhimili ni habari nyingine, na naijua vizuri kwa sababu nimeshaua injini moja.

Yangu ilikuwa kama hiyo yako, cc 1497, nguvu za farasi 109 kutoka kiwandani. Turbo niliipata Ilala, aina ya TD04 iliyotolewa kwenye Subaru Forester, laki tatu na nusu baada ya kuvutana sana. Ukienda kununua, ingiza vidole upande wa hewa baridi ushike ncha ya shafti. Ikitikisika kidogo kushoto na kulia usiogope, ikizunguka ile inaelea juu ya oili. Ila ukiivuta na kuisukuma ukahisi inakuja na kurudi, iache hapo hapo mezani. Chungulia na ukuta wake: mapanga yakishaanza kuukwaruza, unauziwa chuma chakavu.

Manifoldi ya ekzosi, ile inayoshika turbo kwenye injini, ilichomelewa kwa bomba nene. Wanaotumia bomba jembamba la mofla huwa wanarudi gerejini baada ya mwezi, limeshapasuka kwenye maungio. Oili ya kwenda kwenye turbo tuliichukua pale panapokaa swichi ya presha ya oili. Hapo hakuna ugumu. Ugumu ni ya kurudi. Oili inatoka kwenye turbo ikiwa povu na inashuka kwa uzito wake tu, hakuna kinachoisukuma. Bomba la kurudi linatakiwa liwe pana kama kidole gumba, lishuke moja kwa moja, na liingie kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Fundi wangu wa kwanza aliweka mpira mwembamba wa mafuta, tena umejikunja. Nilitoka Mwenge hadi Ubungo nikimwaga moshi kama gari la kupuliza mbu. Kila mtu akaniambia ringi zimekwisha. Ringi zilikuwa nzima. Oili ilikosa njia ya kushukia ikapenya kwenye sili na kuishia kwenye ekzosi. Tulipobadilisha mpira, moshi ukakata siku hiyo hiyo.

Sasa kilichoniua. 1NZ ina kompresheni ya 10.5 kwa 1, maana ilitengenezwa kuvuta hewa yenyewe. Ukiisukumia hewa iliyobanwa tayari, joto ndani ya silinda linapanda mno. Na hewa yenyewe inaingia ya moto: joto la Dar la nyuzi 32, likibanwa hadi busti (presha ya ziada ya turbo) ya nusu bar kwa turbo ya kawaida, linatoka likikaribia nyuzi 90. Ndiyo maana intakula, ile rejeta ya kupooza hewa ya turbo, si pambo la mbele ya gari. Mafuta yakiwa pungufu au cheche ikiwahi, mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla ya wakati wake. Ndiko kunoki huko.

Kuhusu mafuta kuna jambo ambalo gereji nyingi hawakwambii. Gari hii haina njia ya kurudisha petroli tangini kutoka kwenye reli ya nozeli, yaani bomba linalogawa petroli kwa nozeli zinazoimwaga kwenye injini. Presha ya reli ni ile ile, kama bar 3.2, iwe umekanyaga au hujakanyaga. Ukiweka busti ya nusu bar, hewa iliyo kwenye manifoldi ya kuingizia hewa inasukumana na petroli inayotoka kwenye nozeli, kwa hiyo presha inayobaki ya kuimwaga ni 2.7. Yaani injini ikihitaji mafuta mengi zaidi ndipo nozeli inapomwaga machache zaidi! Mimi nilikuwa na nozeli za kiwandani, kontrol boksi (kompyuta ya injini) ya kiwandani, na busti ya bar 0.7 kwa sababu nilinogewa.

Wiki ya tatu, napanda mlima Kitonga nyuma ya semi, gia ya tatu. Nikapata upenyo wa kuovateki, nikakanyaga. Nikasikia mlio kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo la maziwa, sekunde mbili hivi, halafu nguvu ikaisha. Nilipofungua boneti kijiti cha oili kilikuwa kimeruka kutoka mahali pake. Tulipima kompresheni: silinda tatu zilikuwa juu ya psi 170, ila silinda namba tatu ilikuwa 60. Hedi ikafunguliwa, pistoni ikatolewa, na kile kifito kati ya ringi ya kwanza na ya pili kimemeguka kama ukingo wa sahani.

Nilinunua injini nyingine ya 1NZ, uzuri zimejaa mjini, nikaanza upya nikianzia kwenye mafuta. Pampu kubwa, nozeli kubwa, kontrol boksi inayopangwa kwa laptopu, na geji ya kuonyesha mchanganyiko wa hewa na mafuta. Hii geji ingekuwepo siku ya Kitonga, ningeachia mapema. Busti nikaishusha hadi 0.4. Plagi zikawa za baridi zaidi (zinazopoa haraka) gredi moja, mwanya nikaubana kutoka 1.1 mm hadi 0.8 ili cheche isizimwe na presha. Kijana anayepanga kontrol boksi alikaa na gari usiku mbili, mchanganyiko ukabaki hewa 11.5 kwa petroli 1 chini ya busti, cheche ikarudishwa nyuma. Inakwenda mwaka wa pili sasa. Kilichofuata kulalamika ni klachi, na hilo nilitarajia.

Jumla imepita milioni saba, na injini iliyokufa sijaihesabu. Hizo konrodi (fito zinazoshika pistoni) za 1NZ ni nyembamba, kwa hiyo usiwaze kufukuzana na Subaru. Kama ungekuwa hujanunua gari ningekwambia utafute Runx Z yenye 2ZZ, farasi 190 bila turbo yoyote, au Glanza V: cc 1331 tu na ilitoka kiwandani na farasi 135, pistoni na kontrol boksi vikiwa vimepangwa kwa turbo tangu mwanzo. Ubaya wa Glanza ni umri, za mwisho ni za 1999, na nyingi zimeshapita mikono ya vijana kama mimi.

Ule mlio wa “pssh” wa kumwaga hewa ya turbo ukiachia mafuta, ambao najua unautaka: gari hii hupima hewa mlangoni, kwa hiyo hewa ukiimwaga nje injini inadhani bado inayo na inamwaga petroli ya bure. Irudishe ndani. Watu wa bima nao uwaarifu kwa maandishi.

Usinunue kitu bado. Pima kompresheni silinda zote nne injini ikiwa ya moto, uniwekee namba hapa tuone.