Nina bitcoin za euro 600,000. Je, mimi ni mteja wa kitaalamu?

SWALI: Naishi Hamburg. Nina bitcoin zenye thamani ya euro 600,000, akiba ya euro 40,000 benki, na kila wiki nafanya miamala mitatu au minne ya CFD, yaani mikataba ya kubashiri bei itapanda au itashuka bila kumiliki mali yenyewe. Kwa miaka mitatu nimekuwa fundi wa kompyuta wa benki. Dalali wangu ananihimiza nijisajili kama mteja wa kitaalamu nipate levereji kubwa, yaani nifanye biashara kubwa kuliko fedha nilizoweka. Ninafuzu?

JIBU: Kwa hayo uliyoeleza, ndugu yangu, hapana. Kiambatisho cha pili cha MiFID II, sheria ya Umoja wa Ulaya ya masoko ya uwekezaji, kinamtaka mtu binafsi atimize walau masharti mawili kati ya matatu: miamala mikubwa kwa wastani wa 10 kila robo mwaka kwa robo nne zilizopita; mali ya uwekezaji inayozidi euro 500,000; na walau mwaka mmoja katika kazi ya sekta ya fedha inayohitaji ujuzi wa miamala hiyo.

La kwanza huenda unalo, mradi miamala yako si ya vijisenti. La pili ndilo linalowakwamisha watu wa kripto. Kinachohesabiwa ni amana za fedha na hati za uwekezaji kama hisa na bondi. Bitcoin haimo, kwa hiyo bitcoin zako za euro 600,000 hazikusaidii hapa. Na la tatu: kutengeneza kompyuta za benki si kazi ya kuijua CFD.

Hata ungefuzu, kuweka tiki tu hakutoshi. Unaomba kwa maandishi, dalali anakuonya kwa maandishi kinga unazopoteza, nawe unasaini karatasi nyingine, mbali na mkataba, kwamba umeelewa. Naye lazima aupime ujuzi wako mwenyewe. Kinga zenyewe si ndogo: mteja wa kawaida hapati levereji zaidi ya 2:1 kwenye CFD za kripto, yaani kila euro 1 yake haibebi biashara ya zaidi ya euro 2, na hasara yake haivuki fedha zilizomo kwenye akaunti. ESMA, msimamizi wa masoko wa Umoja wa Ulaya, iliweka hayo 2018; BaFin, msimamizi wa fedha wa Ujerumani, ikayaendeleza 2019. Dalali anayekusukuma uziache, mimi ningemuuliza kwanza anafaidika nini.

Ukinunua kripto yenyewe, unaingia MiCA, sheria ya kripto ya Umoja wa Ulaya, na huko mlango wa kuomba haupo. “Mwekezaji mwenye sifa” ni benki, mifuko, serikali, makampuni makubwa na wenzao. Wewe unayejinunulia mwenyewe unabaki mteja wa kawaida hata uwe na mabilioni. Tokeni (sarafu ya kripto) mpya ambayo bado haijaingia sokoni, ukiinunua kwa mtoaji wake, kwa kawaida una siku 14 za kughairi bila gharama.