Sista, kwa umri wangu huu bado kuna haja ya operesheni?

SWALI: Sista salaam aleikum. Mi ni mama wa miaka 73, mjane, niko Arua, nina presha na sukari ya vidonge. Nilikuwa naoga nikagusa kitu kigumu titi la kushoto, hakiumi, nikanyamaza nacho mpaka binti yangu akakiona. Tukaenda hospitali wakachukua nyama kwa sindano, majibu yakaja ni kansa, sentimita 2, kwapani hawakuona kitu. Daktari akamwambia kijana wangu mkubwa titi litolewe, mi nimekaa palepale hakuna alieniuliza. Sasa nyumbani ni vita. Kijana anataka kuuza ploti anipeleke India, binti anasema mama ashazeeka, kimo (zile dawa kali za kuua kansa) itamuua, mwacheni apumzike, na mdogo wangu ameshaleta majani ya kupaka. Nimfuate nani? – Mama H., Arua

JIBU: Waaleikum salaam mama, pole sana. Hao wanagombana kwa mapenzi lakini wote watatu wanajibu kabla vipimo havijaisha. Shika ile karatasi ya majibu uangalie kama kuna mahali pameandikwa ER, PR na HER2. Hizo ndo risepta, vipokezi vilivyo kwenye kansa yenyewe. ER na PR zinaonyesha kansa yako inalishwa na homoni au la, HER2 ni protini inayoisukuma kansa ikue haraka ikiwa nyingi, na bila hizo hakuna mtu anaeweza kukwambia kwa uhakika kama unahitaji kimo, hata huko India kitu cha kwanza watakachouliza ni hicho. Kama hakijapimwa usiogope, mara nyingi hamna haja ya kuchomwa tena, kile kinyama maabara wanakihifadhi ndani ya nta, kijana aende aombe kipimwe au kitumwe Kampala. Ploti ibaki kwanza.

Kwa nini nasisitiza hivyo, ni kwa sababu akinamama wa umri wako wengi wao kansa yao ni ya homoni, na hiyo ina dawa ya vidonge, tamoksifeni au letrozo, kimoja kwa siku kwa miaka 5 au zaidi. Tamoksifeni ni dawa ya zamani, haifiki bei ya ploti hata kidogo. Ikiwa majibu yako ni hayo na kwapani kweli ni safi, kuna uwezekano mkubwa kimo usiihitaji kabisa. Ikiwa sio ya homoni, au HER2 ipo juu, hapo mazungumzo ya kimo yanakuja na lazima wakupime moyo kwanza maana baadhi ya dawa zake zinauchosha, na wajue una sukari kwa sababu zile dawa za kuzuia kutapika na mzio wanazotoa pamoja na kimo, zingine zinaipandisha.

Sasa titi lenyewe. Kwa sentimita 2 uliza kama wanaweza kutoa uvimbe tu na kukuachia titi. Ilishajulikana miaka mingi kwamba kutoa uvimbe halafu ukapigwa mionzi, au kutoa titi lote, muda wa kuishi ni uleule. Tatizo kwenu ni mionzi, maana ni Mulago, kwenye Taasisi ya Kansa, ni basi la usiku na ndugu wa kukulaza Kampala wiki kadhaa. Ndo maana madaktari wengi huku wanasema toa lote yaishe, na mi siwalaumu, ila wangekwambia sababu. Kuna utafiti wa Marekani wa akinamama wa miaka 70 kwenda juu wenye uvimbe mdogo wa homoni, wote walitolewa uvimbe wakapewa tamoksifeni, nusu wakapata mionzi nusu wakaacha. Baada ya miaka 10 kansa ilirudi palepale au kwapani kwa watu 2 katika 100 waliopigwa mionzi na 10 katika 100 walioacha, lakini kuishi hawakutofautiana. Kwa hiyo hata hilo ni la kuongea, bora uwe mtu wa kumeza vidonge kila siku bila kuruka.

Binti yako ana hoja, kimo kwa mzee si mchezo, ila anachoita kupumzika sio kupumzika mama. Kansa ya titi ikiachwa inaweza kutoboa ngozi, ikawa kidonda kinachotoa maji na harufu, nimeviosha vidonda hivyo wodini na wengi walianza na kitu kisichouma kama chako. Mzee ambae moyo au mapafu hayawezi kuhimili operesheni tunampa vidonge vya homoni peke yake na vinaweza kuishika kansa miaka. Lakini wewe na presha yako na sukari ya vidonge, ukipimwa vizuri, sioni kwa nini operesheni ikushinde. Majani usipake, yanaweza kuchubua ngozi na kukuchelewesha matibabu. Kusubiri majibu wiki mbili tatu haidhuru, kusubiri miezi inadhuru.

Na siku ya kurudi kwa daktari kiti cha mbele ukae wewe, watoto nyuma. Mwambie daktari, titi ni langu, niambie mimi.

SWALI: Mama yangu wa miaka 68 anameza letrozo, magoti na vidole vinamuuma asubuhi mpaka kikombe hakishiki, ameamua kuacha. Ni sawa? – Kijana wa Bwera

JIBU: Asiache kimyakimya. Letrozo inashusha homoni mwilini na maumivu ya viungo ni ya kawaida kwake, hajidekezi. Arudi kliniki wambadilishie, kuna dawa ndugu zake au tamoksifeni, wengi wanapata nafuu wakibadilisha. Kutembea kila siku kunasaidia hata kama mwanzo anachechemea. Letrozo inapunguza nguvu ya mifupa pia kwa hiyo waulize kuhusu kalsiamu na vitamini D, na nyumbani mpikie mukene (dagaa) ale nzima na mifupa yake.