Mwanangu, kuhusu lile swali lako la moyo kutotulia

Mwanangu, marahaba. Meseji yako niliisoma jana usiku na leo asubuhi nikairudia. Unaniuliza, "Mama, naomba kila siku, nafunga, namwamini Mungu kabisa, sasa mbona moyo hautulii? Au imani yangu ni feki?" Halafu unasema kuna ndugu kwenye kikundi cha maombi kakwambia ukiwa na hofu basi hujamwamini Mungu bado.

Nianze na huyo ndugu. Eliya alikuwa nabii, ametoka kuona moto ukishuka pale mlima Karmeli, haijapita muda yuko jangwani chini ya mti wa mretemu anamwomba Mungu amuue, amechoka. Ungetegemea akemewe si ndio? Malaika alimgusa akamwambia inuka ule, kucheki pale kichwani kuna mkate na gudulia la maji, akala akanywa akalala TENA, akaamshwa mara ya pili akala, ndo akatembea siku 40 mpaka mlima Horebu na huko ndo Mungu akaongea naye. Yaani chakula na usingizi vilitangulia maongezi. Kwa hiyo baba, kama hulali na kifua kinadunda muda mrefu hivyo, nenda na hospitali, daktari hapunguzi imani ya mtu.

Sasa tuje kwenye maombi yako maana mimi nakujua. Unamweleza Mungu jambo, unamweleza na namna ya kulitatua, unampangia na tarehe, ukishasema amina unashika simu unaanza kupiga hesabu zilezile ulizokuwa unapiga kabla hujapiga magoti. Jambo hujaliacha kule, umelipeleka likaonekana halafu umerudi nalo kitandani. Petro anasema tumtwike yeye fadhaa zetu zote kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yetu, na ukishamtwika mtu mzigo mikono yako inabaki mitupu, hapo ndo wengi tunaogopa, tumezoea kushika kitu.

Soma Zaburi ya 131. Ni mistari 3 tu, watu wengi wanairuka kwa sababu ni fupi. Mwandishi anasema ameituliza nafsi yake kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake. Hapo wanaume mnapita tu lakini mama akisoma anajua kinachosemwa. Mtoto anayenyonya ukimpakata hakai, anavuta nguo, anasukumasukuma kichwa, anatafuta, akichelewa kupata ni kelele. Wewe kukuachisha ilikuwa vita, ulilia mpaka ukanikasirikia ukawa hutaki hata nikubebe. Halafu siku ukaja mwenyewe ukapanda mapajani ukalaza kichwa ukakaa tu, huvuti nguo, hutafuti chochote, umenifuata mimi. Mwanangu, hapo ndo Zaburi inapokupeleka, kukaa na Mungu hata kile ulichoomba hakijaja, na angalia mstari wa mwisho bado anasema umtarajie Bwana, kwa hiyo kuomba hajaacha na kutegemea hajaacha.

Na hii haiji kwa usiku mmoja. Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, akawaambia msijisumbue kwa neno lolote, ombeni pamoja na kushukuru, na amani ya Mungu itawahifadhi mioyo. Ukiendelea kidogo sura hiyohiyo ya 4 anasema NIMEJIFUNZA kuwa radhi na hali yoyote niliyo nayo. Mtume mzima alijifunza, sasa wewe unataka uamke Jumatatu tayari umeshaiva, hebu jipe muda.

Halafu kuna kitu watu hawapendi kusikia. Yesu aliposema njoni kwangu ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo nami nitawapumzisha, sentensi inayofuata ni jitieni nira yangu. Nira ni ule mti wanaofungwa ng'ombe shingoni wakilima, ni ya kazi. Kwa hiyo kazini utaenda, madeni utalipa, yule mtu mliyekosana naye utamtafuta muongee, raha yenyewe inapatikana ukiwa unafanya hayo pamoja naye na matokeo umemwachia. Wale wa kukwambia kaa tu Mungu atatenda, mi huwa nawasikiliza halafu naendelea na shughuli zangu.

Ukiuliza nifanyeje leo, mimi ningefanya hivi. Jioni mapema, kabla hujachoka, litaje jambo kwa jina lake mbele za Mungu, usizungushe, sema Bwana hili siliwezi, ni lako. Shukuru kwa kitu cha leo hata kiwe kidogo. Kisha simu iache chumba kingine ulale, hata hizo klipu za mahubiri zisubiri. Hofu ikirudi saa nane usiku, na itarudi, usianze kujilaumu wala kuanza maombi upya toka mwanzo, mwambie tu Bwana lile bado liko kwako, geuka upande wa pili. Ikirudi tena sema tena, wanafunzi kule kwenye dhoruba walimwamsha Yesu kwa kumlaumu kabisa, eti si kitu kwako kuwa tunaangamia, imani yao akaiuliza ndiyo, lakini upepo alishaunyamazisha kwanza.

Nipigie Jumapili uniambie umelalaje. Na huyo ndugu yako wa kikundi mpe 1 Wafalme 19 aisome, taratibu.

Mama yako