Jinzi mpya inachuja rangi, nifanyeje?

Swali: Nimenunua jinzi mpya ya buluu iliyokoza. Kuifua mara ya kwanza, maji yakawa kama wino, na kanzu nyeupe ya mume wangu iliyokuwa beseni moja nayo ikaingia rangi. Jirani aniambia niiloweke usiku kucha kwa siki na chumvi ili rangi ishike. Maji yetu huku Kisauni ni ya kisima.

Jibu: Dada yangu, tuanze na kanzu, maana hiyo ndiyo yenye haraka. Usiipige pasi wala usiichanganye na nguo nyingine. Kama ni pamba tupu, iloweke kwa Jik iliyozimuliwa kwa maji baridi kama chupa inavyoelekeza, shingo yenye tarizi ibaki nje, kisha isuuze sana. Jik huivunja nili, ile rangi ya buluu ya jinzi, na kwa sababu hiyohiyo isiikaribie jinzi kabisa.

Siki na chumvi virudishe jikoni. Nili haiyeyuki majini, nayo hukaa juujuu ya uzi bila kufika kiini. Fumua uzi mmoja wa buluu kwenye upindo, uukwangue kwa ukucha: ndani ni mweupe. Rangi ya namna hiyo hubanduka kwa kusuguliwa, na hakuna siki ya kuigandisha. Ukiiloweka usiku kucha, itazidi kutoka tu, tena pengine kwa mabaka.

Igeuze ndani nje, funga zipu na kifungo, uifue peke yake kwa maji baridi na sabuni ya unga kidogo. Ikande kwa viganja. Brashi iache kabisa, na usiisokote kuikamua. Mifuo michache ya kwanza itatoa rangi vyovyote vile, usiogope. Kabla rangi hiyo haijapungua, usiikalie kochi jeupe, na mkoba wa rangi nyepesi uuepushe nayo.

Maji ya kisima ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Visima vingi vya pwani vina chumvi na chokaa. Sabuni ya mche haitoi povu humo, huacha utando mweupe unaokakamaza kitambaa. Chumvi ikibaki huvuta unyevu, na kwa joto letu hili nguo haichelewi kunuka uvundo. Hata zipu hushika kutu. Fua kwa maji ya kisima ukitaka, lakini suuzo la mwisho nunua mtungi mmoja wa maji matamu wa lita 20. Ni gharama, najua, ila nguo itadumu.

Ianike kivulini penye upepo, ikiwa bado imegeuzwa, ikining'inia kwa kiuno. Jua la saa saba huinyausha rangi, na kama ina nyuzi za kuvutika, joto kali huzilegeza magoti yakabaki yamevimba. Ukishaivaa, itundike ipate hewa badala ya kuifua kila mara. Lakini ikilowa jasho au maji ya bahari, ifue siku hiyohiyo.