Jibu: Jeki imekunja bati chini ya mlango
Pole sana mkuu. Umesema jeki ilikaa vibaya ukibadili tairi pale Uyole, ukingo wa bati chini ya mlango ukakunjika. Kwanza fungua na ufunge mlango: ukikwama, peleka kwa fundi bodi, usiguse kitu. Kama ni ukingo tu, unanyooka. Ubane kwa praizi pana, uvute kidogo kidogo. Ukilazimisha, bati linachanika. Kisha kagua rangi ilipopasuka, hata ufa mwembamba kama unywele. Kutu huanzia hapo, na mvua zetu za Mbeya unazijua! Piga msasa mpaka bati ling'ae, paka praima ya kuzuia kutu, halafu rangi. Magari mengi madogo yana vikato viwili kwenye ukingo huo nyuma ya tairi la mbele, na vingine viwili mbele ya tairi la nyuma. Jeki inakaa kati ya vikato viwili vilivyo karibu na tairi unalobadili.