Rudisha hiyo bahasha kwanza, skana baadaye

Wewe uliyeuliza ununue skana gani ya kuhifadhi picha za wazee wa kijiji chenu huko kando ya Kakamega, nimesoma mpaka pale umesema "nishakusanya kama 40 kwa bahasha, Jumatatu zinaenda Kisumu" nikaacha chai. Haziendi mahali! Panda boda leo, rudisha kila moja kwa mwenyewe.

Mimi nilizipeleka. Zangu zilikuwa 63 pamoja na vipande viwili, vile vitambulisho vya mkoloni vya kuanzia 1920 ambavyo babu zetu walivaa shingoni ndani ya kimkebe cha chuma kama ng'ombe wa mnada. Kimoja kilikuwa bado na kamba yake. Na kulikuwa na picha ya kukhu, yaani nyanya, jirani yetu, alikuwa anaiweka ndani ya kopo la Kimbo imefungwa na leso, bwanake amesimama na karai na sururu siku zile wazungu walifurika Kakamega kutafuta dhahabu, miaka ya 1930. Nyuma majina matano kwa penseli. Sikuipiga hata na simu, si nilijua kuna mashine? Simu ilikuwa mfukoni na chaji imejaa, hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo.

Aliyenidanganya ni kijana wa mradi fulani, kipande chake cha plastiki kinaning'inia kifuani, Kiswahili cha semina, ati "urithi wa jamii", ati wiki mbili zote zitakuwa zimerudi na kopi kwa flashi. Risiti hakunipa na mimi mtu mzima na mvi zangu sikuitisha, fulana aliyonipa ndiyo risiti, saa hii tunapigia deki nayo. Mwezi wa tatu mradi ukaisha, pale ofisini nikakuta mama anauza mitumba, kijana akawa mteja hapatikani. Kukhu akinipata sokoni ananiuliza "bwanangu amerudi?" watu wanacheka na mimi natafuta njia ya kupitia migombani. Siku ya matanga yake watoto walitaka picha ya baba yao waweke kando ya jeneza, wakanitazama mimi.

Sheria yangu ni moja: picha hailali nje ya nyumba ya mwenyewe. Wewe ndio uende. Iweke mezani karibu na dirisha lakini isipigwe na jua, zima taa ya flashi, simu iwe sawa juu yake isiinamie upande, piga mbele na NYUMA. Kama imegandia kwa albamu usiibandue, ipige hapo hapo. Halafu muulize mwenyewe huyu wa kofia ni nani, aliolewa wapi huyu, na urekodi akijibu, hata akianza kugombana na shemeji yake wacha tu iendelee. Usiku huo huo kopi moja kwa flashi ikalale kwa mtu mwingine. WhatsApp ukituma kama picha ya kawaida inaifinya, tuma kama dokumenti.

Skana achana nayo. Ulikuwa umeuliza pia kijitabu kichapishwe wapi na... nini tena, chumba kwa chifu? Hayo tutaongea ukishamaliza kurudisha. Umefikisha ngapi?